Tusizike Laptopu Ambayo Bado Inapumua

Kijana wa Haneti aliyemaliza kidato cha sita akitaka mkopo wa elimu ya juu, maombi anayajaza mtandaoni, kwa simu yake au ya mjomba. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Fomu lazima ichapwe kwenye karatasi, aisaini yeye na mdhamini wake, ipite kwa uongozi wa kijiji, ifike kwa wakili au hakimu, kisha kurasa zenye saini na mihuri zipigwe skani na kurudishwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo kabla dirisha halijafungwa. Inahitajika kompyuta, printa na skana zinazoelewana. Zikikataa kuelewana, kijana anapanda gari kwenda Dodoma mjini, analipa nauli ya kwenda na kurudi, anapanga foleni steshenari, na akigundua kuwa ukurasa mmoja umekosa mhuri, safari inaanza upya.

Linaloniuma ni kwamba mara nyingi mashine hizo zimo humo humo kijijini. Laptopu iko kabatini shuleni au katika ofisi ya kata. Printa iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Ukiuliza kwa nini hazifanyi kazi, jibu ni lile lile kila unakokwenda: "Mwalimu, hii ni ya kizamani, printa haisomi tena." Neno hilo likishatamkwa, hakuna anayebisha. Mashine inaandikwa mbovu kwenye daftari la vifaa, na shule inaanza kuomba nyingine. Mimi nabisha. Laptopu nyingi tunazoziita mbovu ni nzima, na printa zake ni nzima. Kilichokatika ni uhusiano kati yao, na uhusiano huo unaweza kurudishwa kwa ujuzi ambao vijana wetu wanaweza kuupata ndani ya wiki chache.

Haneti ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma, upande wa milima ya Chenene. Watu wa madini wanaijua kwa jiwe lake la kijani, krisopresi, linalopata rangi yake kutokana na nikeli. Na nikeli hiyo hiyo ndiyo inayowaleta watafiti wa madini, kwa kuwa dunia inaihitaji kwa ajili ya betri. Wenyeji wengi wanaishi kwa mtama, uwele, alizeti na mifugo. Anayeyatazama maisha hayo kwa mbali anaweza kudhani hayana haja na printa. Yana haja kubwa. Kikundi cha kina mama kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kinatakiwa kiwe na katiba, muhtasari wa kikao na andiko la mradi. Wanaouziana shamba wanaandikishana mbele ya mashahidi. Mgogoro wa malisho ukifika kwenye baraza la kata, maelezo ya pande zote yanaandikwa. Serikali imehamia mtandaoni kwa kasi, lakini saini ya mwenyekiti na mhuri wa kijiji bado vinakaa kwenye karatasi. Kwa hiyo huduma nyingi zinazoanzia kwenye simu huishia kwenye printa ya mtu fulani.

Shuleni ndiko gharama yake inakoonekana wazi. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, shule za msingi zinaendeshwa kwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 zikienda shuleni. Shule yenye watoto 500 inapata shilingi milioni 3 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, matengenezo, michezo na mitihani. Sasa tuseme darasa la saba lina watoto 100, na walimu wanataka kuwapa jaribio moja la masomo sita, kurasa nne kila somo. Hizo ni kurasa 2,400. Kwa shilingi 100 kwa ukurasa steshenari, jaribio moja la darasa moja linakula shilingi 240,000. Fedha ya mwezi karibu yote imekwisha. Ndiyo maana mwalimu anaandika maswali ubaoni na watoto wanayanakili, nusu ya muda wa mtihani ikipotea katika kunakili, na aliyeketi nyuma akiandika tarakimu asizoziona vizuri. Printa ndogo ya leza iliyokaa juu ya kabati ingefanya kazi hiyo kwa katriji moja na kidogo na rimu zisizofika tano.

Basi kwa nini haisomi?

Printa haielewi barua wala mtihani. Inaelewa amri zake tu: weka nukta hapa, vuta karatasi, pasha joto. Draiva ni mkalimani anayekaa ndani ya laptopu na kugeuza ukurasa wako kuwa amri hizo. Mkalimani huyu anaandikwa na kiwanda cha printa, na anaandikwa kwa ajili ya mfumo endeshi maalumu. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na Microsoft ikaacha kuihudumia Aprili 8, 2014. Windows 7 ilitoka 2009, ikaachwa Januari 14, 2020. Windows 10 nayo imeachwa Oktoba 14, 2025. Kila mfumo unapoondoka na mwingine kuingia, kiwanda kinaamua upya ni printa zipi kitaziandikia draiva na zipi kitazitupa. Uamuzi huo unafanyika ofisini, mbali sana na Chamwino, na sababu yake kubwa ni ya kibiashara: printa iliyokwisha kuuzwa haimletei muuzaji faida mpya. Plastiki yake haijachakaa, roli zake zinavuta karatasi, tona imo. Lakini siku hiyo imekufa kwa mtu yeyote aliyebadilisha Windows.

Mfano unaojulikana na mafundi wengi ni HP LaserJet 1010, printa ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2003. Windows 7 ilipokuja, printa hii haikupata draiva yake kamili. Wengi waliambiwa wanunue nyingine. Lakini ikajulikana kwamba draiva ya mashine nyingine, LaserJet 3055 ya lugha ya PCL5, iliyokuja ndani ya Windows 7 yenyewe, inaielewa vizuri. Unaichomeka printa kwa kebo, unaongeza printa kwa mkono, unachagua tundu liitwalo DOT4_001, unachagua jina la 3055, na karatasi inatoka. Ni dakika kumi za kazi. Nimeitaja kwa urefu kwa sababu inaonyesha jambo ambalo watu wengi hawalijui: printa nyingi za leza zinazungumza lugha zilizosanifiwa zamani, kama PCL au PostScript, na draiva moja ya lugha hiyo inaweza kuendesha mashine nyingi zisizo na draiva zao. Fundi anayelijua hilo ana njia. Asiyelijua anasema haisomi.

Kuna tabia moja ya mafundi wetu ambayo imeua vifaa vingi kuliko radi. Mteja akileta laptopu inayokwenda taratibu, tiba ni moja: kupiga windo. Laptopu yenye memori ya GB 2, iliyokuwa na Windows 7 ya biti 32 na printa yake ikifanya kazi, inarudi na Windows 10 ya biti 64 iliyotolewa kwenye flashi ya fundi. Siku hiyo hiyo printa inakata mawasiliano, skana inakata, na laptopu inakuwa nzito kuliko awali. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye mfumo wa biti 64, na kwa vifaa vingi vya zamani kiwanda hakikuandika nyingine. Mteja anaambiwa umri ndio tatizo. Fundi mwadilifu angeuliza kwanza: mashine hii imeunganishwa na nini? Angechomeka printa na skana kabla hajafuta chochote, angenakili draiva zilizomo katika folda moja, na angeihifadhi folda hiyo kwenye flashi inayobaki kwa mteja. Hakuna gharama katika hilo. Linahitaji kufundishwa tu, na chuo kama VETA Dodoma kinaweza kulifanya kuwa sehemu ya lazima ya mafunzo ya fundi kompyuta.

Kuhusu waya nitasema kidogo. Printa za miaka ya tisini ziliunganishwa kwenye tundu pana la pini 25 la kompyuta. USB ilitangazwa Januari 1996 na baadaye ikachukua nafasi yake. Adapta ya kutoka USB kwenda tundu hilo la zamani inapatikana madukani, na kwa printa inafanya kazi vizuri, ingawa skana za tundu lile kwa kawaida huikataa. Kebo ya USB isizidi mita tano. Tundu la USB la laptopu ya zamani linatoa umeme wa miliampea 500 tu, kwa hiyo skana au diski ya nje inayotegemea umeme wa laptopu ikizimika ovyo, tatizo huenda ni njaa ya umeme, na dawa yake ni kigawanyo cha USB chenye chaji yake. Kifaa cha USB 3.0 kinafanya kazi kwenye tundu la USB 2.0, taratibu zaidi. Na kwa printa nyingi za zamani, weka draiva kwanza, ndipo uchomeke kebo. Ukigeuza mpangilio huo, Windows inajichagulia draiva isiyofaa na kung'ang'ania nayo.

Umeme na hali ya hewa ya uwanda wa kati vinastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine havikuandikwa kwa ajili yetu. Printa ya leza inayeyusha tona kwa roli yenye joto la karibu nyuzi 200. Inapoanza kupasha roli hiyo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Shule au zahanati inayotumia sola yenye inveta ndogo itaona inveta ikizima kila printa inapoamka, na watu watasema printa ni mbovu. Si mbovu. Inahitaji umeme wa TANESCO, au inveta kubwa, au ibadilishwe na printa ya wino ambayo haina roli ya moto. Usiichomeke printa ya leza kwenye upande wa betri wa UPS; iache kompyuta pekee huko. Lakini wino nao una adui wake Dodoma. Mvua zetu zinanyesha takriban Desemba hadi Aprili, kisha kinafuata kiangazi kirefu chenye upepo mkavu na vumbi. Wino unakauka kwenye matundu ya kichwa cha printa isipotumika. Anayemiliki printa ya wino Haneti achape walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama hana kazi. Hewa kavu inaifanya karatasi ishikane kwa umemetuli, printa ikavuta tatu kwa pamoja na kukwama. Kabla ya kuipakia, ipepete rimu kwa vidole. Na kile kitambaa juu ya printa ni kitu cha maana sana. Walimu wanaofunika mashine zao wanafanya kazi ambayo hakuna mtaalamu aliyewalipa waifanye.

Nilisema uamuzi wa kuiua printa hufanyika mbali. Si mara zote watu wamekubali. Karibu na mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani, mtaalamu wa programu aitwaye Richard Stallman alikuwa na tatizo ambalo kila mwenye steshenari analijua: karatasi zinakwama, na watu walio chumba kingine hawajui. Kwa printa ya zamani aliwahi kurekebisha programu ili iwaarifu. Ilipokuja printa mpya ya Xerox, programu yake ilikuwa siri. Alimfuata mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, naye akakataa kumpa kwa kuwa alikuwa ameahidi kuitunza siri hiyo. Stallman ameeleza mara nyingi kwamba kukataliwa huko kulimfundisha madhara ya programu iliyofungwa. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo ambao kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Baadaye, mwaka 1991, Linus Torvalds wa Finland akatoa kiini cha Linux, na vyote viwili vikaungana. Harakati ambayo leo inaendesha seva nyingi za dunia ilichochewa na printa iliyokataa kurekebishwa.

Sehemu ya urithi huo inayotuhusu hapa inaitwa CUPS, mfumo wa kuchapa ulioandikwa na Michael Sweet na kutolewa mwaka 1999. Apple waliuingiza kwenye kompyuta zao mwaka 2002. Umo pia katika karibu kila Linux. Kwa sababu draiva nyingi za Linux zimeandikwa kwa uwazi, printa iliyowahi kueleweka huwa inaendelea kueleweka. Hakuna kiwanda kinachoweza kuichomoa kwa tangazo. Skana zilizoachwa na Windows nazo mara nyingi zinaamka kwenye Linux. Laptopu ya GB 2 inabeba Linux nyepesi, kama Lubuntu au antiX, bila kuhema. Na tusijifanye hili ni geni kwetu. Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Watanzania walifanya hivyo miaka zaidi ya 20 iliyopita. Inasikitisha kwamba mwanafunzi wa TEHAMA wa leo anaweza kuhitimu bila kuwahi kulisikia jina la mradi huo.

Faida kubwa ya CUPS kwa kijiji haijulikani vya kutosha. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iligawa vishikwambi vilivyotumika katika sensa hiyo kwa walimu. Mwalimu anaandaa mtihani kwenye kishikwambi, kisha anakwama, kwa sababu kishikwambi hakiijui printa ya mwaka 2005 na printa haina Wi-Fi. Hapo ndipo laptopu kuukuu inapopata kazi yenye heshima. Iwekwe Linux, iunganishwe na printa kwa kebo, iachwe kwenye kona ya ofisi ya walimu ikiwa imewashwa. CUPS inaitangaza printa hiyo kwenye mtandao wa ndani, kwa itifaki ile ile inayotumiwa na printa mpya, na vishikwambi na simu za walimu zinaiona kama printa ya kisasa. Kinachohitajika ni ruta ndogo ya Wi-Fi, wala haihitaji bando, kwa kuwa kazi haitoki nje ya jengo. Laptopu yenye kioo kilichopasuka au kibodi iliyokufa inafaa kwa kazi hii. Betri yake ikiwa bado inashika chaji hata nusu saa, ni bora zaidi, maana umeme ukikatika foleni ya kazi haipotei.

Najua hoja zitakazokuja. Ya kwanza ni usalama. Windows 7 haipati tena marekebisho ya usalama. Google iliacha kuihudumia Chrome kwa Windows 7 baada ya toleo la 109 mwanzoni mwa 2023, na tovuti zinazohitaji kivinjari kipya zinazidi kuifungia milango. Steshenari inayopokea kazi za wateja kwa WhatsApp inalijua hilo. Flashi nazo zimetutesa: nani hajapeleka flashi steshenari ikarudi mafaili yote yamegeuka shotikati? Hoja hii ni ya kweli, na jibu lake lina pande mbili. Laptopu yenye Windows ya zamani ambayo draiva zake zinafanya kazi iachwe kuchapa na kuskani tu, isiingie mtandaoni, na isitumike kwa mambo ya benki au nywila za mifumo ya serikali. Inayotakiwa mtandaoni iwekewe Linux inayopata marekebisho. Kwa laptopu za biti 32 muda unakwenda: Debian, ambayo Linux nyingi zinaitegemea, iliacha kutoa mfumo wa kuziweka mashine hizo kwa toleo lake la 13 la Agosti 2025, ingawa toleo la 12 bado lipo. Mwenye mashine ya aina hiyo afanye kazi hii sasa, asingoje.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na nimeisikia kwa walimu ninaowaheshimu: kwa nini watoto wa Haneti wapewe masalia wakati wa mjini wanapata vipya? Sipingi kabisa. Watoto wa Haneti wanastahili vipya. Ninachosema ni kwamba kipya kinachonunuliwa kwa mtindo wa sasa kitakuwa juu ya kabati kabla ya miaka saba. Printa za bei ya chini nyingi hazina lugha yao. Zinategemea laptopu izifanyie kazi yote, na nyingine, kama LaserJet 1020 ya mwaka 2005, hazina hata programu yao ya ndani hadi kompyuta izipelekee kila zinapowashwa. Siku draiva yake ikiondoka, printa ya namna hiyo haina pa kushika. Na njia ya draiva inaelekea ukingoni: Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za viwanda kupitia Windows, na kuelekea kwenye printa zinazotumia itifaki ya IPP, ambayo haihitaji draiva ya kiwanda. Anayenunua leo printa isiyojua IPP ananunua kabati la kesho.

Historia yetu ina somo la aina hii. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta baada ya mradi wa wizara hiyo kwenda kombo. Mashine zilinunuliwa kwa fedha nyingi bila wataalamu wetu wa kuziunganisha na kazi zetu. Marufuku ile ilituchelewesha kwa miaka. Nisingependa turudie kosa hilo hilo kijiji kwa kijiji, mashine zikiingia bila mtu wa kuzifanya zielewane.

Kuhusu taka, tangu 2021 Tanzania ina kanuni za kudhibiti taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Ni hatua nzuri. Lakini printa inayotupwa nyuma ya ofisi ya kata hailijui tangazo la serikali; plastiki na tona yake itabaki pale hadi watoto waichezee. Kila mashine inayorudishwa kazini ni moja isiyotupwa, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kutekeleza kanuni hizo.

Basi naziomba halmashauri, nikianza na ya Chamwino. Ununuzi wa umma sasa unapita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza mwaka 2023, na vigezo vya kifaa vinaandikwa humo na mnunuzi mwenyewe. Andikeni kwamba printa ijue PCL au PostScript, na IPP. Iwe na USB pamoja na waya au Wi-Fi ya mtandao. Tona yake ipatikane Dodoma mjini. Andikeni pia kwamba muuzaji halipwi hadi aiunganishe na kompyuta zilizopo tayari shuleni, za zamani zikiwemo, na kuacha nakala ya draiva kwenye flashi. Wafadhili na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, mnaogawa vifaa vya TEHAMA kwa shule za umma, wekeni sharti hilo hilo. Chuo Kikuu cha Dodoma kina vijana wa kompyuta wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Waleteni Haneti na kata jirani, waanze na makabati. Mwalimu mkuu unayesoma haya, kabla hujasaini fomu ya kuifuta laptopu kwenye daftari la vifaa, ichomeke kwenye umeme, chomeka printa, na umwite kijana mmoja anayejua Linux aitazame. Ifanyike kabla dirisha la mikopo la mwaka ujao halijafunguliwa.